Bustani Ikaguliwe Saa Nane Mchana

Ukialikwa kuikagua bustani ya mtu, usikubali kwenda saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo jua limelegea, mpira wa maji umeshapitishwa, upepo wa bahari unavuma, na kila kitu kinapendeza, hata kilichopandwa ovyo. Nenda saa nane mchana, mwezi wa pili, vuli ikiwa imeshasahaulika na masika bado haijabisha hodi. Simama getini, usimuulize mwenye nyumba lolote, mtafute mbwa kwanza. Alipolala mbwa saa nane mchana ndipo penye kivuli cha kweli na upepo wa kweli. Ukimkuta kajikunja chini ya gari, umeshajua mengi: ukoka upo, maua yapo, taa za chini zipo, lakini mahali pa kiumbe hai kupumzika hapakufikiriwa.

Naandika kuhusu Dar es Salaam na pwani yetu, kwenye mchanga, joto na maji ya kisima yenye chumvi. Mtu wa Arusha au Njombe ana udongo mwingine na baridi yake, naye atabadilisha majina ya miti, ila ukaguzi ni ule ule. Bustani nzuri ya nyumbani huanza na mienendo: jua linapopita, maji yanapotiririkia, watu wanapokanyaga, mbwa na paka wanapoishi. Maua huchaguliwa mwishoni, baada ya hayo yote kujulikana. Bustani mbaya, nyingi nilizoziona, zilianza na ua lililopendwa kitaluni, kisha likatafutiwa pa kuwekwa.

Anzia kitini, ndani ya nyumba

Wakaguzi wengi huzunguka nje na kuondoka. Mimi huomba kuketi pale familia inapoketi. Bustani ya nyumbani hutazamwa zaidi kutoka ndani kuliko kutoka nje, na hutazamwa kupitia nondo na wavu wa mbu. Ukiwa umeketi, dirisha linakuonyesha nini? Kama unaona ukuta wa jirani na tangi la maji, na yale maua ya gharama yako chini ya kizingiti cha dirisha yasikoonekana, msanifu alifanya kazi akiwa amesimama uwanjani. Fundi mzuri huingia ndani kabla ya kuchimba shimo la kwanza, huketi, hupima urefu wa macho ya aliyeketi, ndipo huenda nje kupiga kigingi.

Baada ya hapo uliza kuhusu upepo. Huku kwetu kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo upande wa mashariki wa nyumba ndio unaopokea upepo karibu mwaka mzima. Anayepanda ua mnene wa kuziba macho upande huo ameifungia nyumba pumzi, na atalipa kwa feni na kiyoyozi. Upande wa mashariki unataka miti yenye shina refu na kichwa cha juu, upepo upite chini yake. Hapo hapo ndipo pa kuweka asumini, maana harufu yake ya usiku itaingia chumbani bila kuitwa.

Magharibi ni kinyume chake. Jua la alasiri huupiga ukuta wa magharibi kwa saa nne au tano, tofali za saruji hunywa joto hilo, kisha hulitoa chumbani watu wakiwa wamelala. Hapo panatakiwa kivuli kizito: mstafeli, mkomamanga, mwembe wa kubebesha unaopogolewa, au fremu ya mbao yenye mmea wa kutambaa. Kaskazini na kusini mwa nyumba hupishana, kwa sababu jua la Dar es Salaam hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla kidogo ya katikati ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na miezi iliyobaki upande wa kaskazini. Veranda inayotazama kaskazini na yenye kivuli safi Desemba huchomwa na jua mwezi wa Juni. Muulize msanifu swali hili. Akilijibu bila kubabaika, uko mikononi mwa mtu anayejua kazi.

Hapa niseme kuhusu ashoka, ile miti myembamba iliyopangwa kama gwaride katika nusu ya viwanja vya mji huu. Kwa kuziba dirisha la jirani wa ghorofani inafaa sana, nayo hutosha mahali finyu. Kwa kivuli haifai. Mstari wa ashoka upande wa magharibi hupoza kamba nyembamba ya ardhi tu, na upande wa mashariki huziba upepo. Inapendwa kwa sababu hukua haraka na haidai mawazo.

Halafu kuna suala la umbo la nyumba. Nyumba ya ghorofa iliyozungushiwa vijimaua vya magotini huonekana imeachwa peke yake uwanjani, nayo inahitaji angalau mti mmoja wa kufika kwenye kizingiti cha dirisha la juu ili jicho lipande kwa hatua. Nyumba ya chini yenye paa fupi hulemewa na mnazi wa kifalme uliopandwa mlangoni. Na kuna nyumba zetu za asili, ambazo wasanifu wa leo huzikosea heshima mara nyingi. Nyumba ya mawe ya Lamu ina kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu, na uhai wote umo humo. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Kariakoo ina baraza mbele kwa ajili ya watu, na uani nyuma kwa ajili ya kisima, mpapai na shughuli za jikoni. Nyumba hizo huipa barabara benchi na kuficha kijani chao ndani. Anayekuja kupanda ukoka wa mita mbili mbele ya baraza na kuuacha uani na mabati yaliyochakaa hakuisoma nyumba. Fedha ziende uani, kwenye vyungu, kwenye mrehani karibu na mlango wa jikoni, kwenye mmea wa kutambaa utakaotia kivuli mahali pa kuoshea vyombo.

Maji

Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huanguka kwenye masika, Machi hadi Mei. Bustani isiyojua kuipokea mvua hiyo haifai, hata iwe na maua ya aina gani.

Chuchumaa kwenye ukuta wa nyumba. Ukiona madoa ya tope yamepanda hadi usawa wa goti, udongo uliachwa wazi chini ya matone ya paa. Kazi nzuri ina mkanda wa kokoto wa nusu mita hivi kati ya ukuta na tuta la kwanza la maua. Mkanda huo huvunja nguvu ya matone, huacha ukuta ukauke, na huonyesha waziwazi vichuguu vya tope vya mchwa wanapojaribu kupanda. Udongo wa tuta lazima uwe chini ya sakafu ya nyumba, sentimita 15 au zaidi. Nimeona nyumba nzuri zilizopandishiwa udongo mpaka juu ya msingi ili maua yaonekane vizuri dirishani, na ndani ya vyumba hivyo chumvi inamenya rangi ukutani. Ardhi nayo iteremke kutoka nyumbani, angalau sentimita 2 kwa kila mita, na maji yawe na pa kwenda: shimo la mawe, tuta la migomba, mtaro. Mahali pa kwenda si kwa jirani. Ua uliofunikwa wote kwa pevingi hadi ukutani huwa safi kwa macho, lakini kila masika hummwagia mtu mwingine maji yake.

Desturi ya kupanda migomba kwenye maji ya bafuni ni usanifu bora kabisa, tena ulikuwapo kabla ya wasanifu. Mgomba hunywa sana, hukua haraka, huficha ukuta usiopendeza, hauna sumu kwa mbwa wala paka, na hulisha. Ninapoikuta migomba mahali hapo, huamini kwamba kuna mtu mwenye akili aliyeishi katika nyumba hiyo.

Sahani za vyungu, visiki vya mianzi vilivyokatwa vibaya na mimea inayokusanya maji katikati ya majani huzalisha mbu wa dengi, ambaye huzaliana kwenye maji safi karibu na watu. Dar es Salaam iliipata dengi vibaya mwaka 2014 na tena 2019. Yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo chombo cha maji cha mbwa kinachoongezewa tu bila kusuguliwa ni kitalu cha mbu. Kama kuna kidimbwi, kiwe na samaki.

Mbwa na njia zake

Sasa turudi kwa mbwa, kwa maana hapa ndipo wasanifu wengi huanguka. Wanachora ramani nzuri, wanaikabidhi bustani, na baada ya miezi mitatu mwenye nyumba analalamika kwamba mbwa ameiharibu. Mbwa hajaharibu kitu. Ameishi kama mbwa ndani ya bustani iliyosanifiwa kana kwamba hayupo.

Mbwa wa ulinzi, ambao ndio wengi mjini kwetu, hushinda bandani mchana na kufunguliwa usiku. Kazi yao ni kuzunguka ukuta. Watazunguka, liwepo tuta la maua au lisiwepo. Kwa hiyo tazama nafasi iliyo kati ya ukuta wa mpaka na safu ya vichaka. Bustani iliyosanifiwa vyema ina ujia wa sentimita 60 hadi 80 hapo, umefunikwa kwa kokoto laini au mchanga ulioshindiliwa, unazunguka kiwanja chote bila kukatika, na mbele yake vichaka vinauficha. Mwenye nyumba haoni ujia, mbwa haoni maua, na kila mmoja yuko radhi. Kwenye pembe vichaka husogezwa ndani kidogo, kwa sababu mbwa anayekimbia hukata kona. Fundi akikuonyesha kona zilizokatwa namna hiyo, mpe mkono.

Banda ndilo kipimo cha moyo wa msanifu. Mara nyingi huwekwa palipobaki, nyuma ya jenereta au pembeni ya chemba ya maji taka, likiwa limeelekea ukuta. Mbwa ni mnyama wa kundi, na akikaa siku nzima bila kuona watu huchakaa akili. Banda zuri liko mahali ambapo mbwa anaona mlango wa jikoni, limekingwa na jua la magharibi, limefunguliwa upande wa upepo, sakafu yake ni saruji yenye mteremko wa kuoshea, na lipu yake ni laini isiyo na nyufa. Nyufa ni muhimu kuliko rangi. Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai, hujificha kwenye nyufa za kuta, na hupanda juu hadi kwenye dari la banda. Ukikata nyasi kila wiki na kuacha banda lenye nyufa, unahangaika bure, na homa ya kupe itampata mbwa wako mwishowe.

Kuna hatari nyingine ya huku kwetu ambayo vitabu vya ng'ambo havina sababu ya kuisema. Mchanga mkavu wenye kivuli, unaonuka mkojo na kinyesi, ndipo nzi wa tumbu hutaga. Mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mbwa, na ya mtoto anayecheza hapo. Funza naye hupenda mchanga mkavu. Kwa hiyo lile shimo ambalo mbwa amelichimba chini ya mwembe, ambalo mgeni huliona la kupendeza, ndilo mahali pa kwanza ninapopakagua. Anachimba kwa sababu udongo wa chini ni baridi. Msanifu anayejua humpa ubaridi huo kwa njia nyingine: kitako cha saruji au kichanja cha mbao kilichoinuliwa chini ya mti, mahali panapofagika na kumwagiwa maji.

Weka kiganja, upande wa mgongo wake, juu ya pevingi saa nane ile ile. Ukishindwa kuvumilia sekunde 7, nyayo za mbwa nazo zinaungua. Pevingi nyeusi na kahawia iliyoiva ndizo mbaya zaidi. Jambo hilo linanileta kwenye nyasi za plastiki, ambazo sasa hutandikwa kila mahali. Nazikataa. Juani huwa za moto kuliko ukoka mara nyingi, hushika harufu ya mkojo, hazipozi hewa, na hazinywi mvua inavyostahili. Anayekupendekezea nyasi za plastiki kwenye nyumba yenye mbwa hajawahi kuzipiga deki.

Ukoka wa kweli una tatizo lake dogo. Mkojo wa mbwa una naitrojeni nyingi, nao huacha duara la manjano lenye ukingo wa kijani iliyokolea. Dawa ni kumpa mbwa kona ya kokoto yenye gogo au jiwe la kukojolea, imwagiwe maji kila siku, na afundishwe kuitumia tangu mdogo. Chini ya miti, ukoka wa kawaida hunyong'onyea kwa kukosa jua. Hapo panafaa nyasi za Pemba, zenye jani pana, ambazo huvumilia kivuli na chumvi. Ukiona fundi ametandika nyasi aina moja juani na kivulini, hakujali.

Sumu zilizomo kitaluni

Sehemu hii mwombe msanifu atembee nawe na akutajie kila mmea kwa jina. Anayejibu "hiyo ni palmu tu" asishike jembe penye mtoto wa mbwa.

Mtapo huuzwa kama palmu na si palmu. Ni mmea wa kale wa pwani yetu, mzuri sana, na sehemu zake zote zina sumu, mbegu zaidi ya zote. Mbwa akitafuna mbegu chache ini lake huweza kuharibika kabisa. Oleanda, na ndugu yake thevetia yenye maua ya njano ambayo watu huifanya ua wa mpakani, huushambulia moyo. Brunfelsia, inayofungua maua ya zambarau yakageuka meupe kwa siku chache, imo katika bustani nyingi za Nairobi na Arusha, na mbwa huvutwa na matunda yake kisha hupatwa na degedege. Mbarika na mbono kaburi zina mbegu za hatari. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, la mbwa au la mtu, huweza kuleta madhara makubwa. Waridi la jangwani, ambalo sasa linapendwa sana kwenye vyungu, utomvu wake ulikuwa sumu ya mishale. Difenbachia, monstera na pothosi huchoma mdomo na koo, mnyama akatoa mate na kukataa chakula. Kwa paka, lili za dukani zimepita zote: hata chavua iliyomwangukia manyoya kisha akairamba, hata maji ya chombo cha maua, huua figo zake.

Sisemi kila kitu king'olewe. Waridi la jangwani linaweza kukaa juu ya nguzo, mahali ambapo hakuna mdomo utakaofika. Mnyaa unaweza kuwa nje ya uzio. Lakini mtapo na oleanda penye mbwa mdogo anayetafuna kila kitu, hapana, na msanifu anayebisha kuhusu hilo asilipwe. Ikitokea ajali, chukua jani au mbegu iliyotafunwa, mkimbize mnyama kwa daktari wa mifugo mara moja, na usipoteze muda kumnywesha maziwa.

Uchache wa chaguo salama ni kisingizio tu. Haibiskasi haina sumu kwa mbwa wala paka, nayo huwaleta ndege chozi kila asubuhi. Asumini ya kweli ni salama, ila jihadhari na sestrumu inayonukia usiku, maana huuzwa kwa jina la asumini na ina sumu. Mrehani ni salama. Waridi la kawaida lina miiba tu. Areka ni salama, na ana ndugu wa karibu ambaye watu wa Bara hawamjui vya kutosha: mpapindi wa Pemba, uliopo katika Msitu wa Ngezi, mti ambao asili yake ni kisiwa hicho peke yake. Kwenye veranda yenye kivuli weka Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Ulaya nzima. Limetoka kwenye milima yetu ya Usambara, lilitambulishwa kwa wataalamu wa mimea mwaka 1893, na paka akilitafuna halimdhuru. Ninapoliona katika nyumba ya Mtanzania hufurahi kuliko ninapoona okidi ya bei mbaya iliyotoka mbali.

Paka, kuku na wengineo

Paka anataka vitu vitatu: mahali pa juu pa kutazamia, udongo mkavu uliolegea, na njia. Kuta zetu zilizopandwa vipande vya chupa humnyima cha kwanza na cha tatu na kumkata nyayo. Kama ulinzi lazima uwepo, msanifu mzuri hutengeneza rafu au tawi nene ndani ya ukuta, mahali pa jua la asubuhi. Kwa udongo, paka huchagua tuta la mchicha, kwa sababu ndilo lililolegezwa vizuri. Kinyesi chake huweza kubeba vimelea vya hatari kwa mama mjamzito, kwa hiyo tuta la mboga lifunikwe kwa wavu au matandazo ya matawi makavu, na paka apewe kona yake ya mchanga iliyokingwa na mvua. Beseni la ndege liwe juu ya nguzo, na pande zote pawe wazi mita mbili, ndege amwone anayenyemelea.

Kuku wa kienyeji wakifunguliwa jioni hula wadudu na kutia samadi, lakini hufukua mizizi. Mawe yaliyopangwa kuzunguka shina la mche mchanga yanatosha.

Na nyoka. Watu huogopa bustani kwa sababu ya nyoka, wakang'oa kila kitu na kubaki na saruji. Inatosha kuinua mapindo. Vichaka vyote vilivyo karibu na milango na njia vipogolewe matawi ya chini hadi sentimita 30 kutoka ardhini, ili jicho lione udongo. Mbwa huumwa na swila kwa sababu amemkuta ghafla kwenye majani mazito. Mapindo yaliyoinuliwa ndiyo alama ya mtunza bustani mwenye nidhamu, na mimi huitafuta mapema kuliko maua.

Kazi ya mikono

Baada ya ramani, kagua mikono. Pale shina linapokutana na mizizi, shingo ya mti ionekane juu ya udongo. Mti uliozikwa shingo huoza polepole, na mwenye nyumba atalaumu mbolea. Tawi lililokatwa liwe limekatwa kwenye kifundo chake, bila kisiki kirefu na bila kuchunwa ganda. Chimba kidogo kwa kijiko cha bustani: chini ya sentimita chache za udongo mweusi ulionunuliwa, je, kuna kifusi cha ujenzi? Kama kipo, kila kilichopandwa hapo kitadumaa. Ukiona kingo za majani zimeungua na ukoko mweupe juu ya udongo, kisima kina chumvi na mimea haikuchaguliwa kwa hilo. Mawe yaliyopakwa chokaa na mashina yaliyopakwa rangi hadi kiunoni yaache kwenye ofisi za umma. Nyumbani hayafichi chochote na hayatunzi chochote.

Hesabu nafasi kati ya miche. Bustani inayoonekana imejaa siku ya kukabidhiwa imepandwa kwa ajili ya picha. Mwembe mkubwa hutandaza kivuli cha zaidi ya mita 10, na mfikasi hutuma mizizi kwenye chemba na misingi, kwa hiyo bustani ya kweli huwa na uwazi mwanzoni, na uwazi huo hujazwa kwa mimea ya muda. Asiyejua mti utakuwa na ukubwa gani, aende Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1893. Asimame chini ya miti iliyozeeka pale, apime kwa hatua upana wa vivuli vyake, kisha arudi kwenye kiwanja chake cha mita 20 kwa 30 na kuchagua upya.

Mwenye nyumba, ukifanya mkataba na msanifu au fundi wa bustani, andika ndani yake kwamba awamu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya masika moja kupita na baada ya mbwa kuishi humo miezi mitatu. Mtaje mbwa kwenye mkataba huo, na paka pia. Fundi anayejiamini atasaini. Anayekataa, mwache aende na utafute mwingine.